Kashanga Kamoja

Uzi ulikatika siku ya arobaini ya mama. Dada yangu alikuwa ameutoa mkufu wa shanga kwenye mkebe wa Blue Band alimozoea mama kuuweka, akauinua ili auvae, na kabla haujagusa shingo tukasikia kama matone ya kwanza ya mvua juu ya mabati. Shanga zikatawanyika sakafuni, chini ya kochi, chini ya miguu ya wageni waliokuwa wakinywa kahawa baada ya hitima. Watoto wakatambaa kuziokota. Usiku, wageni walipokwisha kuondoka, nilizipanga juu ya mkeka nikazihesabu: 41. Dada akashikilia kwamba ni 42, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akizihesabu utotoni akiwa amelala mapajani mwa mama. Tukasogeza kochi, tukakunja zulia, tukafagia mara mbili. Ya 42 haikuonekana.

Ni shanga za udongo, si za kioo. Kubwa kama zabibu, za buluu ya bahari ya wakati wa kaskazi, na hapa na pale moja ya rangi ya mdalasini. Ukiviringisha moja kati ya kidole gumba na cha shahada, utahisi upande uliolala kidogo, mahali kiganja kilipokandamiza kuliko pengine. Hakuna mbili zilizo sawa.

Mama alizaliwa Siyu, kisiwani Pate, akaolewa, akaletwa Nairobi, akaishi Kawangware hadi Mungu alipomchukua. Alikuwa mshona kofia. Si kofia za mashine. Zile za mkono, ambazo kila tundu hutobolewa kwa sindano, kisha likazungushiwa uzi mpaka likawa jicho dogo lisilofumba. Kofia moja ilimchukua miezi. Nyingine aliuza, nyingi aligawa, na baba, aliyekuwa akihesabu kodi ya nyumba, alizoea kusema kwamba sahani ya mwisho ya chakula nyumbani kwetu haijulikani ni ya nani mpaka ibishiwe hodi. Jirani yetu mmoja alikuwa akifanya kazi Karen, kwenye kiwanda cha shanga kiitwacho Kazuri. Mumewe alipostaafu, mama alimshonea kofia na akakataa katakata kupokea pesa. Mwezi uliofuata jirani akaja na mfuko wa karatasi. Ndani yake mlikuwa na shanga hizo. Mama, mtu wa Siyu, aliyekulia karibu na magofu ya mji wa kale uitwao Shanga, alicheka mpaka akatoa machozi. Alisema amekuja bara kuletewa Shanga mlangoni.

Basi nikaamua kuupeleka mkufu ulikotoka, ukatungwe na mikono ya watu wa huko. Nilitaka pia kumjua mwanamke aliyekianzisha kiwanda hicho. Mama alimtaja mara chache tu, kama "yule mzungu wa shanga", na kila alipomtaja aliongeza maneno yaleyale: jirani hakuwahi kusema alipewa na yule mama, alisema alifundishwa.

Safari ilianzia katikati ya jiji, kwa kuwa siku hiyohiyo nilikuwa na karatasi ya kuchukua. Cheti cha kifo ni chepesi mno. Nilikikunja mara mbili nikakiweka kwenye mkebe, pamoja na shanga, kwa sababu sikujua pahala pengine panapokifaa. Kisha nikatembea hadi pembe ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, ambapo chini ya kivuli cha Nyayo House pamekaa jengo la mawe la mwaka 1913. Zamani lilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Wakazi wa Nairobi walikuja hapa kuandikisha watoto waliozaliwa, ndoa na vifo, hata wakoloni wakalipa jina la utani lenye vina vitatu, kimoja kwa kila jambo. Umbali wa barabara za Kenya nao ulihesabiwa kuanzia hapa. Ukiambiwa mji fulani uko kilomita mia kadhaa kutoka Nairobi, Nairobi maana yake ilikuwa jengo hili.

Sasa ni jumba la sanaa, Nairobi Gallery, na ndani mna vitu alivyovikusanya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, pamoja na mkewe Sheila. Nilisimama kwa muda mbele ya mapambo ya wanawake: ya shingoni, ya mikononi, ya masikioni. Vitu vya zamani vya aina hii huja na jina la kabila na jina la mahali. Jina la aliyetoboa, akachagua rangi, akafunga fundo la mwisho, hilo limekwenda na mwenyewe. Nilimkumbuka Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru mwaka 1928, mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, akafundisha shule miaka na miaka, na uzeeni akaanza kukata vipande vya magazeti, pakiti za unga na karatasi za sabuni ya Rexona na kuvibandika vikawa wanyama na kina mama sokoni. Mwaka 1990 kazi zake zilitundikwa Harlem, New York. Alifariki mwaka 2021 huko Ireland alikokuwa akiishi karibu na bintiye. Yeye jina lake tunalo, walau. Kwa kila Karuga mmoja kuna mishono na mitungo mingapi isiyo na mwenyewe?

Matatu namba 24 ilijaa upesi. Nilipata kiti cha dirishani, mkebe mapajani, na kila tulipopita tuta shanga zilinong'ona. Makanga, kijana mwenye adabu, akaniuliza kama nimebeba mbegu. Nikamwambia ni shanga za marehemu mama. Akanyamaza, akaniachia shilingi kumi katika chenji. "Pole, mzazi ni mzazi," akasema, akarudi mlangoni.

Tukashuka Uhuru Highway chini ya nguzo za barabara ya juu, tukazunguka Nyayo Stadium na kuingia Lang'ata Road. Kushoto ukatokea uwanja wa ndege wa Wilson, na hapo ndipo habari ya mzungu wa shanga ilipoanza kuwa habari ya mtu.

Jina lake Susan Wood, na alizaliwa mwaka 1918 katika msitu wa Ituri, Kongo, ndani ya nyumba ya udongo. Baba yake, Alfred Buxton, na mama yake, Edith, walikuwa wamisionari, na babu yake mzaa mama alikuwa C. T. Studd, aliyeacha sifa za kriketi Uingereza akaenda kuhubiri China, India na mwishowe Kongo, ambako alizikwa. Natazama mwanzo huo na kuona jambo moja: mtoto huyu kitu cha kwanza alichokiona duniani kilikuwa ukuta wa udongo wa Afrika. Mwaka 1943, vita vikiendelea, aliolewa na daktari wa upasuaji, Michael Wood. Vita vilipokwisha wakahamia Kenya. Wakapata watoto wanne. Baadaye wakawa na shamba upande wa Tanganyika, miteremkoni mwa Kilimanjaro, na ni chini ya mlima huo ambapo Michael na wapasuaji wenzake wawili, Archibald McIndoe na Tom Rees, walipanga kwamba kama mgonjwa hawezi kufika hospitalini, daktari amfuate kwa ndege. Mwaka 1957 wakaanzisha chama cha madaktari wa angani, ambacho leo ni Amref. Makao yake yapo hapahapa, jirani na Wilson, na ndege zake bado hupaa kutoka uwanja huu kwenda kuchukua majeruhi na wajawazito mahali ambako barabara imekatika.

Habari za Michael zimeandikwa sana, kama ilivyo desturi kwa wanaume wenye ndege. Sina kinyongo na hilo, alistahili. Lakini nilipoitazama ndege ndogo nyeupe ikinyanyuka juu ya uzio wa Wilson, nilijiuliza nani alikuwa akibaki nyumbani na watoto wanne kila ndege kama hiyo ilipoondoka. Ni swali ambalo mtoto wa mshona kofia hulijua. Baba yangu alikuwa akienda safari za lori hadi Juba, na jina lake ndilo lililoandikwa kwenye risiti, kwenye kadi za shule, kwenye mlango.

Susan hakubaki tu. Aliandika. Mwaka 1960 alitoa kitabu juu ya mivutano ya Kenya iliyokuwa ikiukaribia Uhuru, na miaka minne baadaye akatoa kingine. Yeye na mumewe walikuwa katika Capricorn, chama kilichotaka watu wa rangi zote katika Afrika ya Mashariki na ya Kati waishi chini ya uraia mmoja. Mwaka 1956 chama hicho kilifanya mkutano mkubwa Salima, kando ya Ziwa Nyasa. Waafrika wengi walikikataa, na nadhani walikuwa na haki. Kilitaka kura ipimwe kwa elimu na mali wakati ambapo elimu na mali vilikuwa vimefungiwa nyuma ya mlango wa mkoloni. Nalisema hili kwa sababu sipendi maombolezo yanayompaka marehemu chokaa. Walikosea njia wakiwa na nia njema, na historia ikapita upande mwingine. Kinachonigusa ni kwamba Uhuru ulipokuja, walowezi wengi wakauza mashamba yao wakaondoka, ila yeye akabaki, na miaka 12 baadaye akafanya jambo dogo kabisa.

Matatu ikapita Uhuru Gardens, ikapita makaburi ya Lang'ata. Nilishika mkebe. Mama hayupo pale. Tulimpeleka kwao, akalala kwenye mchanga wa Pate. Lakini mtu aliyefiwa karibuni hawezi kupita makaburi yoyote bila kusalimu. Baada ya Bomas barabara ikaanza kupata miti. Miti ya Karen ni ya namna yake, mirefu na iliyotulia, kama watu ambao hawajawahi kukimbilia basi. Ua huanza hapa na kuishia kule, na kati ya lango na lango kuna mwendo mzima wa kijiji.

Nikashuka Karen Road, karibu na nyumba ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong, akafilisika, akaondoka mwaka 1931, na kutoka mbali akaandika juu ya shamba lake. Nyumba ni makumbusho tangu mwaka 1986, na wageni walikuwa wakipiga picha barazani. Sikuingia. Kiwanda cha shanga kiko jirani tu, Mbagathi Ridge, kwenye ardhi ambayo wakati fulani ilikuwa sehemu ya shamba hilohilo, na nilitembea kufuata njia ya pembeni, vilima vya Ngong vikichungulia kati ya miti kama ngumi iliyofungwa.

Mwaka 1975, Susan Wood alianza kufinyanga shanga katika kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba yake hapa Karen. Aliwaajiri wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Wawili hao wakawa na ndugu, na jirani, na rafiki wa kanisani, na wote walikuwa na haja ileile. Kazi ikapewa jina: Kazuri.

Nililifikiria sana jina hilo njiani. Watu wa pwani tunaikwepa "ka" hii. Kwetu kitu kidogo ni "kidogo", na ukimwita mtu "kamtu" umemdharau. Ila huku bara, shuleni hufundishwa ngeli ya KA-TU kwa heshima zote, na Mkikuyu au Mkamba aliyenyonya lugha yenye "ka" ya mapenzi huileta katika Kiswahili bila kuona haya: kashanga, kamtoto, kazuri. Kadogo na kazuri kwa pamoja, katika neno moja. Mama alilizoea neno hilo Kawangware mpaka likamtoka mdomoni, na alipokwenda likizo Siyu wakamcheka. Hakuliacha. Alisema kuna vitu ambavyo ukiviita "kizuri" unakuwa umevikuza bure.

Langoni waliniuliza nimekuja kutembea au kununua. Nikaonyesha mkebe. Mama mmoja wa makamo, mwenye kitambaa cha kichwa na vumbi jeupe mikononi hadi viwikoni, akachungulia ndani, akaona cheti, akaona shanga, akaniangalia usoni.

"Ni za mama?"

"Ni za mama. Shikamoo."

"Marahaba. Pole, mwanangu. Njoo."

Alinipitisha kazi yote tangu mwanzo wake, na namshukuru, kwani hakuna aliyemwagiza. Udongo huletwa kutoka upande wa Mlima Kenya. Husagwa, hutiwa maji, huchujwa, hukamuliwa, kisha hukandwa mpaka upepo wote utoke, maana kiputo kimoja cha hewa kikibaki ndani, shanga hupasuka motoni. Kisha kuna meza ndefu. Wanawake wamekaa pande mbili, kila mmoja na bonge lake, wanakata, wanaviringisha kati ya viganja, wanatoboa, wanaweka. Wanakata, wanaviringisha. Macho yao hayakuwa kwenye mikono. Walikuwa wakizungumza: habari ya mtoto aliyekataa shule, bei ya mafuta ya kupikia, harusi ya Jumamosi. Meza hiyo ni ya zaidi ya kufinyanga, niliona. Aliyekaa hapo miaka ishirini ameshapitia msiba wake hapo, talaka yake, matokeo ya mtihani ya mwanawe, huku mkono haukusimama.

Zinapokauka hupigwa msasa, zikachomwa mara ya kwanza. Udongo ukishapita nyuzi joto mia sita hivi haurudi tena kuwa tope hata uuloweke mwaka mzima. Umekuwa kitu kingine. Halafu hupakwa rangi. Hapo nilishangaa. Rangi kabla ya moto haifanani na rangi baada ya moto. Dada aliyekuwa akipaka alichovya brashi yake ndogo ndani ya kitu kilichofanana na uji wa mtama uliochacha, akachora nukta juu ya shanga iliyochomekwa kwenye waya, akaniambia hiyo ni buluu. Sikuona buluu yoyote. Yeye aliiona. Huchora kwa kumbukumbu ya rangi itakayokuja. Kisha shanga huingia tanurini mara ya pili, zimening'inia kwenye waya ili zisigandane, na hutoka zinang'aa.

Nikamwuliza mama yule kama alimkuta Susan Wood. Akasema alimkuta akiwa mzee. Hakunisimulia miujiza. Alisema tu kwamba bibi yule alikuwa akichukua shanga kutoka kwenye sinia lako, anaigeuza, anaigeuza, na wewe unangoja roho ikiwa juu, kisha anairudisha mahali palepale alipoitoa. "Hakuchanganya kazi ya mtu na ya mtu," akasema. Nilitarajia kusikia kuhusu zahanati ya wafanyakazi na familia zao, na kweli ipo, na kuhusu mishahara. Yeye alichokumbuka ni sinia.

Michael Wood alifariki mwaka 1987. Mwaka uliofuata, 1988, kile kibanda cha uani kilikuwa kimekuwa kiwanda. Nimeziweka tarehe hizi mbili sambamba mara nyingi tangu siku ile. Mwanamke wa miaka 70, mjane, watoto wamekwisha kuwa watu wazima, alikuwa na kila haki ya kukaa barazani na kutazama Ngong. Akapanua meza. Leo wafanyakazi hapo ni zaidi ya mia tatu, wengi mno wao wanawake, wengi wao walezi pekee wa nyumba zao, na shanga zao huvaliwa Marekani na Uingereza na watu wasiojua Kawangware iko wapi. Susan alifariki mwaka 2006. Kiwanda kilikuwa kimeshaingia mikononi mwa wengine miaka mitano kabla, na kazi haikukatika.

Kwenye chumba cha kutungia, mama yule akamwaga shanga zangu juu ya kitambaa. Akazisogeza kwa kidole kimoja kama mtu achambuaye mchele. Akainua moja, akaileta karibu na jicho langu. Pembeni mwa tundu palikuwa na kovu dogo, upana wa chembe ya chumvi, ambapo rangi haikushika.

"Hapa iligusa waya. Unaona? Udongo wenyewe ndio huu."

Miaka yote ile ilikuwa shingoni mwa mama na sikuwahi kuliona. Chini ya buluu yote kulikuwa na kijitundu cha ardhi.

Nikamwambia moja imepotea. Akaleta beseni, tukajaribu. Buluu ya kwanza ilikuwa nzito mno, ya pili ilikuwa na kijani ndani yake, ya tatu ilikaribia kabisa mpaka tulipoitoa dirishani. "Hutaipata," akasema. "Kila moto una rangi yake. Nikikupa hii, jicho litakuwa linakwenda hapo tu." Akafikiri kidogo. "Tutatunga zilizopo. Ila wewe njoo."

Akanirudisha kwenye meza ndefu, akanikatia kidonge cha udongo. Ulikuwa baridi na mzito kuliko nilivyodhani. Niliuviringisha polepole kwa kuogopa kuuharibu, na nilipositasita akanigonga kifundo cha mkono. "Udongo uwahi ungali maji," akasema, na meza nzima ikacheka, si kwa ubaya. Ulikuwa unaanza kukauka na kupasuka mkononi mwangu kwa sababu ya joto la viganja. Nikaharakisha. Ikatoka kama yai la mjusi. Akanipa sindano nikaitoboa, tundu likaenda upande. Akaiweka kwenye sinia, safu moja na za yule dada aliyekaa kando yangu, zilizokuwa mviringo kama macho ya samaki.

"Itakuwa ya nani?" nikauliza.

"Ya yeyote. Itapigwa msasa, itachomwa, itaingia kwenye uzi fulani. Hutajua."

Kisha akakaa kutunga. Alipitisha uzi mara mbili ndani ya kila shanga, akafunga fundo dogo baada ya kila ya tano, ili siku nyingine ikikatika zisimwagike zote. Kiswahili kimelipa kitenzi hiki mzigo mkubwa. Shanga hutungwa, kitabu hutungwa, mimba hutungwa. Nilimtazama mama yule akivuta uzi kwa meno na kuwaza kwamba Susan Wood alivitunga vyote vitatu, akianza na watoto na kumalizia na shanga. Mama yangu hakutunga kitabu. Lakini kwenye kofia moja ya vito kuna matundu mia kadhaa, kila moja likiwa na mahali pake kama vina, na mtu mjuzi wa Lamu akiitazama husoma nani alishona na alijifunza kwa nani. Kofia zake ziko vichwani mwa watu Kawangware, Kibera na Eastleigh, hata Muscat, ambako mjomba alikuwa akizipeleka. Hazina jina ndani.

Nilipotaka kulipa, mama akafunga kiganja changu juu ya noti. Nikakumbuka kofia ya yule mzee aliyestaafu, na sikubishana. Nilinunua bangili dukani kwao kwa bei yake, ili nami nisitoke mikono mitupu.

Nilirudi kwa njia ya Ngong Road, namba 111. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya vilima na foleni ilikuwa imesimama tangu Lenana. Shanga hazikunong'ona tena; zilikuwa zimeshikana. Nikashuka Dagoretti Corner na kwenda kwa miguu hadi Kawangware, nikipita wauza mahindi ya kuchoma na mafundi wa viatu wakikunja meza zao. Udongo wa Mlima Kenya ulikuwa bado chini ya kucha zangu, mweupe.

Dada alikuwa mlangoni.

"Zimetimia?"

"41."

Aliupokea mkufu, akaupima kwa kidole, shanga moja moja, akinong'ona hesabu kama zamani, mpaka akafika kwenye kishikizo. Akaniangalia. Akauvaa, akauingiza ndani ya leso, akaenda jikoni kuitoa chai iliyokuwa ikichemka.